Waja Leo, Waondoka Leo: Matembezi ya Vijana wa Handeni na Korogwe Mjini Tanga

Aghalabu waandishi wa historia wanapoeleza njia iliyotoka Handeni na Korogwe kwenda pwani, hueleza habari za misafara, za watumwa na za mkonge. Matembezi ya vijana walioshuka mjini kwa ajili ya furaha tu, wenzi watatu wanne pamoja na kifurushi begani, huyapita kama jambo la upuuzi. Makala haya yanashikilia kwamba si upuuzi, na ushahidi wake mkubwa umo katika lugha.

Hapana budi kukumbuka kwanza jinsi njia hiyo ilivyokuwa hapo zamani. Katika njaa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi waliishika ili waokoe roho zao, wakaishia utumwani. Walipelekwa Unguja, na wengine walivushwa mpaka pwani ya Somalia, ambako waliotoroka walikaa kando ya mto Juba, na wajukuu wao wakaendelea kusema Kizigua. (Baadhi ya wajukuu hao, wakikimbia vita vya Somalia, walipewa makao Chogo, wilaya ile ile ya Handeni, katika miaka ya 2000; ni watu wachache duniani waliorudi nyumbani baada ya vizazi vingi namna hiyo.) Kwa mzee wa Kizigua wa karne ya kumi na tisa, basi, kijana kusema kwamba anakwenda pwani kutembea lilikuwa neno la kutisha.

Kilichoanza kuligeuza neno hilo ni reli. Wadachi walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893. Ilifika Muheza mwaka 1896 na Korogwe mwaka 1902, kilomita zipatazo 84 kutoka baharini. Mtu wa Korogwe sasa aliweza kuiona bahari siku ile ile aliyoondoka kwao. Mtu wa Handeni hakupata reli, naye ilimlazimu atembee kwanza hadi stesheni. Yamkini ndiyo sababu matembezi ya Wazigua yalikuwa ya kundi zaidi: njia ya miguu ilitaka wenzi, na wenzi wa njiani ndio waliokuwa wenzi wa mjini.

Fedha ilitoka mashambani. Mkonge ulioletwa na Dr. Richard Hindorf mwaka 1893 ulienea kandokando ya reli, na kazi yake ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30. Wafanyakazi walioandikwa kutoka mbali waliitwa manamba, kwa kuwa walijulikana kwa namba zao. Kipande kikiisha na mshahara ukipokewa, mji uliita. Ajabu ni kwamba aliyekimbia namba ya shambani alipokewa Ngamiani, mtaa ambao barabara zake nazo huitwa kwa namba! Lakini namba ya barabara haikumdai kitu.

Huko mjini usiku ulikuwa na madarasa yake. Kabla ya vita vya 1914 beni ilikwisha kuingia Tanga, na jina lake, kama ijulikanavyo, limetokana na neno la Kiingereza la kundi la wapiga ala. Ilikuwa na pande mbili zilizoshindana, Marini na Arinoti. Marini walijihesabu waungwana wa pwani. Arinoti walipokea zaidi watu wa bara na wenye kazi duni. Kijana aliyeshuka na kifurushi chake alijua mara moja ni upande upi utakaomfungulia mlango. Baadaye likaja dansi. Katika miaka ya 1950 Tanga ilipata Atomic Jazz, na pia bendi ambayo baadaye iliitwa Jamhuri Jazz, nayo ilianza kwa jina la Young Nyamwezi. Jina hilo la kwanza latosha kuonyesha kwamba wageni hawakuwa watazamaji tu, bali walikwisha kushika ala wenyewe. Taarabu ya Black Star na Lucky Star, yenye gita na mwendo wa kuchezeka, nayo iliwapendeza waliokuwa hawajazoea kukaa kitako na kusikiliza.

Sasa tuutazame msemo wenyewe, "waja leo, waondoka leo". Wengi huusema kwa kujisifu, kwamba Tanga ni mji wa raha ambao mgeni hushindwa kuuacha. Lakini sarufi haikubali upesi hivyo. "Waja" laweza kuwa u-a-ja, yaani wewe unakuja, na laweza kuwa wa-a-ja, yaani wao wanakuja. Likiwa la kwanza, mwenyeji anamwambia mgeni usoni, naye yu karibu kumfukuza; likiwa la pili, wenyeji wanasemezana juu ya wageni wapitao. Tena iko njia ya tatu: "waja" ni wingi wa mja, mtu ajaye au mtumwa, neno lile lililomo ndani ya mjakazi. Siwezi kuamini kwamba masikio ya pwani, yaliyozoea mafumbo, hayakuisikia maana hii ya tatu. Kwa maoni yangu msemo huu ulikuwa na mwiba kabla ya kuwa na sukari, na walioutia sukari ni hao hao wageni, kwa kuutamka wao wenyewe kwa fahari.

Dalili yake ni neno jingine. "Mgosi", ambalo katika lugha za Wazigua na jirani zao maana yake ni mwanamume, limekuwa neno la kuitana kwa vijana wa Tanga, hata wale ambao nyumbani husema Kiswahili tu. Mji uliokuwa ukimpima mtu wa bara kwa Kiswahili chake ulikubali kuitwa kwa neno la bara.

Mwaka 1963 reli ya Mnyusi hadi Ruvu ilifunguliwa, na kwa njia ya Korogwe mtu akaweza kupanda gari la moshi hadi Dar es Salaam. Barabara ya Segera na Chalinze nayo ikawachukua Wazigua moja kwa moja bila kupitia stesheni. Tangu hapo makundi ya vijana yaligawanyika, wengine wakashuka kusini. Na Dar es Salaam, kwa wingi wa watu wake, haikuwatungia msemo.