Bei kwa arafa: rununu, omena na deni

Wasomaji, sisi waandishi wa programu tuna hadithi moja tunayoipenda kupita kiasi. Mvuvi yuko majini, anapiga simu, anauliza bei ya kila soko, kisha anageuza boti kuelekea panapolipa. Ina chimbuko la kweli. Mwaka 2007 mchumi Robert Jensen alichapisha utafiti wake wa Kerala, India, ambako rununu ziliingia kati ya 1997 na 2001. Tofauti za bei kati ya masoko zilipungua mno, samaki hawakutupwa tena, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 na mlaji akapunguziwa asilimia 4.

Machi mwaka huohuo M-Pesa ikazinduliwa Kenya. Miaka michache baadaye KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, ikaanza kukusanya bei za samaki kwenye bichi za Ziwa Victoria na kuzituma kwa arafa. Nami nikaingia mkumbo. Niliandika kijiprogramu changu cha bei za omena na mbuta, nikakibeba hadi Mbita, Homa Bay, kisha Sori kule Migori.

Pale Sori mama mmoja muuza omena alinisikiliza hadi mwisho, akacheka. "Mwanangu, bei naijua. Nani atanipa hao samaki?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa biashara yenyewe. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Alfajiri akina mama wako ufuoni na makarai wakingoja. Mwenye boti huenda amekopeshwa nyavu na petroli na mnunuzi, kwa hiyo samaki wana mwenyewe kabla hawajavuliwa. Mama asiye na mtaji hutafuta mvuvi wa kumwekea fungu, na wakati mwingine malipo ni mwili wake. Wenyewe huita jaboya. Watafiti wameandika sana kuihusu, maana kaunti hizi mbili zimekuwa miongoni mwa zenye maambukizi ya juu ya VVU nchini. Arafa ya bei ingemsaidia nini?

Baadaye nikasoma kwamba Janaki Srinivasan na Jenna Burrell walirudi Kerala, wakakuta mambo yaleyale: wavuvi wengi huuza pale walipofungwa na mkopo. (Laiti ningewasoma kabla ya kulipia seva!)

Tavneet Suri na William Jack walipopima M-Pesa, mwaka 2016, walikadiria kwamba imetoa kaya 194,000 kwenye umaskini na kuwasaidia wanawake 185,000 kuhamia biashara. Ile iligusa pesa yenyewe, akiba na kutumiana wakati wa shida. Yangu iligusa habari ambayo mama alikuwa nayo tayari.

Kabla sijaondoka aliniuliza kama simu inaweza kumwekea daftari: nani amechukua gorogoro ngapi, na nani hajalipa. Nilifuta bei zote usiku ule, nikaanza na safu mbili, jina na deni.