Mulago Ilipotahiniwa kwa Niaba ya Madaktari Wake

Chuo cha Makerere, mjini Kampala, kilianza kufundisha utabibu mwaka 1924, miaka miwili tu baada ya kufunguliwa, na wanafunzi wake wakawa wanapanda kilima cha Mulago kujifunza katika wodi za hospitali ya huko. Walisoma miaka mingi, wakahitimu, kisha serikali ya kikoloni ikawaajiri kwa cheo cha daktari msaidizi. Mzungu aliyeshuka melini juzi alikuwa daktari kamili. Mwafrika aliyewatibu watu wa Buganda miaka kumi alikuwa msaidizi wake, na mshahara ulifuata cheo. Hoja waliyopewa ni kwamba stashahada yao haikutambuliwa Uingereza.

Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, nikasomea Mulago na kubaki Kampala. Habari hizi nilizipata kwa walimu wangu, waliozisimulia kwa uchungu ambao miaka haikuupunguza. Ndiyo maana mwaka 1957 una uzito kwangu. Mwaka huo Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza liliitambua leseni ya utabibu na upasuaji ya Makerere. Josephine Nambooze, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa daktari, alihitimu mwaka 1959, mlango ukiwa umekwisha kufunguliwa. Katika utambuzi huo wa 1957, kilichokuwa kimepimwa ni walimu, mitaala, maabara na wodi. Chuo kilipofaulu, kila mhitimu alifaulu pamoja nacho.

Mpango huo haukudumu. Idi Amin alitwaa madaraka mwaka 1971, Waasia wakafukuzwa mwaka 1972, walimu wengi wa kigeni wakaondoka, na baadaye Waganda wenyewe wakaanza kutafuta usalama nje. Huko nje nako milango ilikuwa ikibanwa. Marekani ilikuwa ikiwatahini madaktari wa kigeni tangu mwaka 1958. Uingereza ikaanza mwaka 1975 kuwatahini madaktari wa ng'ambo walioomba usajili wa muda. Mzigo uliokuwa wa chuo ukahamia kichwani mwa mtu mmoja mmoja.

Siku hizi, Jumamosi jioni, mimi huketi Wandegeya, hapa Kampala, na madaktari vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa Baraza la Tiba la Australia. Ni maswali 150 ya kuchagua jibu kwa saa tatu na nusu, yaani sekunde 84 kwa kila swali, na 30 kati yake hayahesabiwi, ila mtahiniwa hajui ni yapi. Kompyuta humpa kila mtu maswali yake. Ukipata, linalofuata huwa gumu zaidi. Ukikosa, huwa jepesi. Ukishajibu, huwezi kurudi nyuma. Msingi wa hesabu za namna hii uliwekwa na watu kama Georg Rasch wa Denmark, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1960 alionyesha kwamba uwezo wa mtu na ugumu wa swali vinaweza kupimwa kwa kipimo kimoja.

Vijana huniuliza, "Musawo (daktari), mbona kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyokosa?" Huwaeleza kwamba mashine inatafuta mahali uwezo wao unapokomea, na ikishapakaribia huwaweka papo hapo. Hata aliye hodari atatoka akiwa na mashaka na maswali mengi. Kwa mtoto aliyezoea kuongoza darasa tangu msingi, hilo ni gumu kulikubali, na naliona linawaumiza kuliko ukosefu wa usingizi.

Yapo mengine ya kujifunza upya. Daktari wetu akiweka kiganja chini ya mbavu za kushoto za mtoto, akamwambia avute pumzi, anaihisi bandama ikishuka kugonga vidole vyake, na mara anawaza malaria au selimundu. Ustadi huo kompyuta haiuoni. Inamtaka atofautishe baka la kawaida na saratani kwenye ngozi nyeupe iliyoungua jua, ngozi ambayo huenda hajaishika hata mara moja. Sisemi swali hilo ni la uonevu, maana wagonjwa atakaowatibu ndio hao. Ninachokililia ni kwamba hakuna tena anayekuja kutazama alifundishwaje.

Hapa kwetu njia ya zamani ingalipo. Mabaraza ya madaktari ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hukagua kwa pamoja vyuo vya utabibu vya ukanda huu, na shahada ya chuo kilichokubaliwa hutambulika ng'ambo ya mpaka. Wakaguzi hao hupita wodini na maabara, huhesabu walimu, huuliza kila mwalimu ana wanafunzi wangapi kwenye kitanda kimoja. Kijana wa Bukoba aliyesomea Mulago anaweza kuomba usajili Dar es Salaam kwa jina la chuo chake, na mimi nawahimiza wale wa Wandegeya, kabla hawajalipia mtihani wa mbali, wapige hesabu ya njia hiyo pia.