Nyati wa Kamiti

Ukikaa Kahawa West kama mimi, jina Kamiti linakuletea picha moja tu: gereza. Makanga akiita "Kamiti! Kamiti!" pale Roysambu, lazima kuna abiria atafanya mzaha kwamba anaenda kufungwa. Hakuna anayewaza nyati. Lakini mwaka 1909, ukitaja Kamiti mbele ya wazungu wenye bunduki mjini Nairobi, nyati ndio waliwajia akilini.

Aprili mwaka huo, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka meli Mombasa na mwanawe Kermit. Mto Kamiti ulipita kwenye shamba la mlowezi aliyeitwa Hugh Heatley, na kando ya mto kulikuwa na kinamasi chenye mafunjo marefu. Nyati walijificha humo. Heatley alimkaribisha Roosevelt aje awinde, akaja, akawapiga. Kitabu alichochapisha mwaka 1910 kina sura nzima kuhusu nyati wa Kamiti. Safari ilipokwisha, baba na mwana walikuwa wameua wanyama 512, na ngozi na mifupa mingi ikapelekwa Smithsonian, Washington.

Nilipokutana na hiyo namba mara ya kwanza, nilikasirika, nikaishia hapo. Sikujiuliza wale nyati walikuwa wametoka wapi, wala nani alikuwa akiwawinda kabla ya mgeni huyu.

Wale walikuwa uzao wa manusura. Miaka 20 hivi kabla ya Roosevelt, sotoka ilifika Afrika Mashariki. Ugonjwa huu wa ng'ombe uliingia barani kupitia Eritrea mwishoni mwa miaka ya 1880, ukashuka kusini haraka sana. Nyati ni wa ukoo mmoja na ng'ombe, kwa hivyo virusi havikubagua. Wamaasai walipoteza karibu mifugo yao yote. Kipindi kile cha sotoka, ndui na njaa walikiita emutai, yaani kumalizwa. Frederick Lugard, aliyepita hapa mwaka 1890 akielekea Uganda, aliandika kuhusu nyati waliouawa na tauni hiyo.

Kabla ya hapo, mtu aliyemjua nyati hakuwa na bunduki. Alikuwa Mogiek wa msitu wa Mau. Jamii ya Ogiek iliishi kwa asali na nyama: perere, nguruwe wa msituni, nyati. Walitumia mikuki, mbwa, mitego ya mashimo na mishale ya sumu. Na nyati si mnyama wa kujaribiwa na mtu asiyejua anachofanya. Akijeruhiwa, anaweza kuingia kichakani akungoje. Ndiyo maana wawindaji walimweka kwenye lile kundi la wanyama watano maarufu. Watalii wanadhani ni orodha ya warembo, kumbe ilikuwa orodha ya wanyama hatari zaidi kumfuata mtu akiwa kwa miguu.

Nyati alikuwa pia kiungo kati ya majirani. Wamaasai kwa kawaida hawakula nyama ya porini, ila nyati na pofu waliwaona kama jamaa za ng'ombe. Ngao ya moran ilitengenezwa kwa ngozi ya nyati. Ogiek wakatoa ngozi na asali, Wamaasai wakatoa mifugo. Kabla ngao haijafika vitani, kuna mtu alikuwa ameshahatarisha maisha yake msituni.

Kisha ikaja sheria ya mkoloni. Mgeni aliyetaka kuwinda alilipa leseni ya pauni 50. Roosevelt angeipata. Mogiek angeitoa wapi? Hapo ndipo maneno mawili yalipoachana. Mwenye leseni akaitwa mwindaji. Aliyewinda ili watoto wale akaitwa jangili. Nyati ni yuleyule, na anakufa vilevile.

Sisemi turudi kuwinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na mimi naunga mkono, ingawa najua ni rahisi kusema hivyo ukiwa Kahawa West. Mtu ambaye shamba lake limepakana na mbuga, anayekutana na nyati akienda kuteka maji alfajiri, ana maoni yake, na yana uzito kuliko yangu.

Ninachosema ni kwamba nyati alipewa nafasi ya kurudi. Hapo Muguga, si mbali na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo iliyoishinda sotoka. Mara ya mwisho ugonjwa huo kuthibitishwa duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru. Mwaka 2011 dunia ikatangazwa huru. Sensa ya wanyamapori ya 2021 ilihesabu nyati zaidi ya 41,000 nchini Kenya.

Na Ogiek je? Mwaka 2009 walipewa notisi ya siku 30 kuhama Mau, kwa hoja ya kulinda msitu. Wakaenda mahakamani, na Mei 2017 Mahakama ya Afrika kule Arusha ikaamua kwamba haki zao zimekiukwa na kwamba hoja hiyo haikutosha kuwafukuza. Juni 2022 iliamuru walipwe shilingi milioni 157.85 na wapewe hati ya ardhi yao. Novemba 2023, nyumba za familia za Ogiek zilibomolewa tena Mau.

Jana nilipanda matatu pale Roysambu. Makanga akaita Kamiti, mzaha ukafanywa, watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikamwambia jirani yangu kwamba hapa kulikuwa na nyati. Akaniuliza, "Nani aliwamaliza?" Tukafika stage kabla sijamaliza kumjibu.