Upo Mbeya au Iringa? Hivi ndivyo video fupi zinavyoweza kukuletea watazamaji wa kweli

• Video husambaa kwa sababu watu wameiangalia hadi mwisho, siyo kwa sababu una wafuasi wengi.
• Amua kwanza unamtaka mtazamaji gani, kisha ndiyo uwashe kamera.
• Usitegemee TikTok ikulipe. Hela ipo kwa mteja anayekupigia simu.

Mbeya/Iringa. Huenda una simu janja nzuri na biashara inayotembea Mwanjelwa au Soko Kuu la Iringa, lakini kila video unayoweka mtandaoni inaishia kuangaliwa na watu 200, nusu yao ndugu na majirani. Bando linakata, mteja haongezeki.

Wengi wakifika hapo huamua kuiga kila kinachotrendi au kuamini kwamba mambo haya ni ya watu wa Dar es Salaam. Ukijua video fupi zinavyofanya kazi, utaona tatizo siyo mji unaoishi.

Video inamfikiaje mtu asiyekujua?

TikTok, Reels za Instagram na Shorts za YouTube zina tabia moja: zinampa mtu video za watu asiowafuata. Mwezi Juni 2020 TikTok ilieleza kuwa mtu kuangalia video ndefu kidogo hadi mwisho ni ishara yenye uzito mkubwa. Kwamba mtazamaji na mtengenezaji wapo nchi moja ni ishara dhaifu, na idadi ya wafuasi haihesabiki moja kwa moja.

Kwa upande wa Instagram, mkuu wake Adam Mosseri alisema mwanzoni mwa 2025 kuwa mambo matatu yanayopewa uzito zaidi ni muda ambao mtu anaangalia, laiki, na mara ngapi video inatumwa kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo akaunti mpya ya Tukuyu au Mafinga inaweza kusukumwa mbele kama akaunti kubwa, ilimradi wachache walioonyeshwa mwanzo hawakuikimbia.

Kili Paul alifanya nini?

Mfano mkubwa hapa Tanzania ni Kili Paul, kijana wa Kimasai kutoka Mkoa wa Pwani. Mwaka 2021 alianza kujulikana duniani, yeye na dada yake Neema, kwa kufuatisha kwa midomo nyimbo za filamu za Kihindi. Februari 2022 Ubalozi wa India nchini ulimpa heshima, na mwezi huohuo Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja ndugu hao kwenye hotuba yake ya redio.

Ukiangalia video zake utagundua hakubadilisha staili kila siku. Shuka ni ileile, mazingira ni ya kijijini, nyimbo ni za aina moja. Mtu akiona moja anajua inayofuata itakuwaje, ndiyo maana anabonyeza kumfuata.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalioni. Alipata Wahindi kwa sababu aliimba nyimbo za Wahindi. Maudhui yako ndiyo yanayochagua watazamaji. Kwa msanii kama yeye mashabiki wa mbali ni mtaji, lakini kwa anayeuza mchele kwa kilo pale Mwanjelwa, watazamaji milioni moja walioko Mumbai hawanunui hata debe.

Mtaje mtazamaji wako kabla ya kurekodi

Tuseme unauza mchele wa Kyela. Mtazamaji wako ni mama anayeishi Dar es Salaam au Dodoma ambaye amewahi kuuziwa mchele uliochanganywa. Mfundishe kuutambua, mwonyeshe unavyopima na kufunga mzigo unaokwenda stendi. Video za kucheza muziki juu ya magunia zinaweza kukupa laiki nyingi, lakini kutoka kwa watu wasiohitaji mchele.

Kama unaongoza watalii Iringa, mtazamaji wako ni Mtanzania anayepita barabara ya kwenda Mbeya bila kujua kwamba Isimila, yenye zana za mawe za kale na nguzo za udongo, ipo kilomita 20 hivi kutoka mjini. Mbeya nako kuna Ziwa Ngosi na Daraja la Mungu kule Rungwe.

Lugha pia inachagua watu. Ukianza na “Kamwene” kwa Kihehe au “Ugonile” kwa Kinyakyusa, mtu wa nyumbani aliyepo mbali atasimama. Ukiendelea kwa Kiswahili, wengine nao hawatabaki nje.

Sekunde tatu za mwanzo

Usianze na “Habari zenu, karibuni tena kwenye ukurasa wangu”. Asiyekujua ameshapita. Anza na jambo lenyewe. Linganisha salamu hiyo na hii: “Fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga mwaka 1954. Lilikuwa wapi?” Atakaa asubiri jibu, nawe hakikisha unampa.

Mambo mengine ya kuzingatia:

1. Rekodi simu ikiwa imesimama wima, na andika maneno makuu juu ya picha. Wengi huangalia wakiwa kwenye daladala bila sauti.

2. Sauti iwe safi. Upepo na kelele za bajaji huua video kuliko picha mbaya. Sogea ukutani au tumia maiki ndogo ya kubana kwenye nguo.

3. Tumia mwanga wa nje. Mbeya asubuhi za Juni na Julai zina baridi, hivyo subiri jua litoke.

4. Video moja, jambo moja. Likiwa na sehemu mbili, tengeneza video mbili.

5. Chagua ratiba unayoiweza. Video tatu kwa wiki kwa miezi mitatu ni bora kuliko kumi kwa siku moja halafu kimya.

Okoa bando

Rekodi video za wiki nzima siku moja, zihariri kwenye simu, kisha zipandishe ukiwa kwenye Wi-Fi. Hifadhi nakala isiyo na nembo ya TikTok, maana Instagram ilitangaza mwaka 2021 kuwa Reels zenye nembo za programu nyingine hazisukumwi sana. Nakala hiyohiyo itumike TikTok, Instagram na YouTube.

Hela inatoka wapi?

Hapa ndipo wengi wanaumia. Hadi mwaka 2025 Tanzania haikuwa kwenye orodha ya nchi ambazo TikTok inawalipa watengenezaji kwa idadi ya watazamaji. YouTube inalipa, lakini ili upate mgao wa matangazo kwa kutumia Shorts unahitaji wafuasi 1,000 na kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90.

Kwa muuza mchele au muongoza watalii, hesabu ya maana ni hii: wangapi wamepiga simu au kuandika WhatsApp wiki hii, na wangapi wamenunua? Weka namba ya biashara kwenye wasifu wako na umuulize kila mteja mpya alikuonea wapi. Video iliyotazamwa na watu 900 ikaleta oda sita imekushinda faida ile ya watu 90,000 iliyoleta komenti tupu.

Ukianza kulipwa na makampuni, kumbuka Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui mtandaoni.

Usiingie matatani

Omba ruhusa kabla ya kumrekodi mtu sokoni, hasa mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sura ya mtu siyo mali yako. Kusambaza taarifa za uongo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Ukitaka kugeuza ukurasa kuwa wa habari na matukio, utahitaji leseni ya TCRA. Kama unarekodi kibiashara ndani ya Hifadhi ya Ruaha, ulizia kibali TANAPA kwanza, na droni nayo ina vibali vyake.

Muziki nao uangalie. Akaunti ya biashara TikTok inaruhusiwa nyimbo za maktaba ya kibiashara pekee, hivyo sauti yako mwenyewe mara nyingi ndiyo salama zaidi.

Pa kuanzia leo

Chukua karatasi, andika maswali kumi ambayo wateja wako hukuuliza mara kwa mara. Kila swali ni video moja. Ukiweka tatu kwa wiki, una kazi ya zaidi ya wiki tatu bila kuwaza utaposti nini. Zikiisha, angalia ipi ilileta simu nyingi, utengeneze nyingine za aina hiyo.