Mikono Safi Hospitalini: Imeanza Lini?

Ndugu msomaji, sisi twatia udhu kila siku, hivyo waweza kudhani madaktari wamenawa tangu zamani. La! Mwaka 1847 huko Vienna, Dkt. Ignaz Semmelweis aliona kina mama wakifa kwa homa ya uzazi, wadi ya madaktari zaidi kuliko ya wakunga. Sababu? Madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha. Alipowaamuru wanawe kwa maji ya klorini, vifo vilishuka kutoka 18 kwa kila mia mwezi wa Aprili hadi 2 hivi mwezi wa Juni. Wakubwa wengi walimpinga. Akafariki 1865 hajasikizwa.

Na hapa jirani? Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu, Uganda. Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor alitenga wadi, akawavisha wauguzi glavu na barakoa. Hata hivyo wauguzi kadhaa walikufa, naye akafariki Disemba 5.

Vijana wa Utange, shida ya maji twaijua. Basi ukienda kumtazama mgonjwa Ramadhan hii, beba sabuni na kidumu cha maji. Nawa kabla ya kumshika na baada yake. Na daktari asiponawa, muulize kwa adabu. Si utovu wa heshima.