Mbiu ya Mgambo Katika Enzi za Redio

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Huku kwetu Singida jambo lilitangazwa kwa yowe, na yowe lilikuwa na sifa moja ambayo redio haijaipata mpaka leo: lilitoka upande wa hatari. Aliyelisikia alijua pa kukimbilia, na kwa kuwa aliyelipiga alikuwa jirani, hakuna aliyeuliza kama habari ni ya kweli.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951. Baadaye, katika enzi za Redio Tanzania, redio moja ilitosha kijiji kizima, almuradi betri zimeanikwa juani zikapata nguvu. Mwaka 1978 Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kwamba Idi Amin ametuvamia, ujumbe ulifika na kila mtu akaelewa anachotakiwa kufanya. Vita ina amri zake. Maji na matope hayana amri, na hapo ndipo matangazo yetu yanapokwama.

Tuanze na tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko lilipiga chini ya bahari karibu na Sumatra ilipokuwa kwetu yapata saa kumi alfajiri. Wataalamu wa kituo cha Pasifiki kule Hawaii walilipima mara moja, lakini hapakuwa na utaratibu wa kuziarifu nchi za Bahari ya Hindi. Mawimbi yalitufikia mchana, zaidi ya saa saba baadaye. Saa saba! Mtu aweza kutoka Singida akafika Morogoro. Kenya, baada ya kusikia yaliyotokea Asia, iliwaondoa watu ufukweni, ikapoteza mtu mmoja. Kwetu ilikuwa Jumapili, tena sikukuu, ofisi zimefungwa na vijana wanaogelea. Walikufa watu wasiopungua 10. Redio zilikuwapo, televisheni zilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuinua simu na kusema, "Katisheni muziki."

Tangu hapo tumejifunza kutangaza, na hilo sharti tulikiri. Aprili 2019 wakazi wa Mtwara waliambiwa mapema wajihadhari na kimbunga Kenneth, shule zikafungwa. Kimbunga kikaishia Cabo Delgado, Msumbiji. Wapo walionung'unika kwamba wamehangaishwa bure. Mimi sioni kuwa ni bure, ila naelewa kwa nini tangazo la pili husikilizwa kwa sikio moja.

Lakini lililonigusa zaidi ni la jirani zetu. Mlima Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, tunauona kutoka huku anga likiwa safi, na barabara yetu ya kwenda Babati inapita Katesh, chini yake. Miezi michache kabla, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza kwamba vuli ya 2023 ingekuwa na mvua nyingi kwa sababu ya El Niño. Tangazo lilikuwa sahihi. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba, mlima ukamomonyoka, matope na magogo vikashuka hadi mjini, na watu zaidi ya 80 wakafa.

Waliambiwa kuhusu mvua; mlima haukutajwa. "Wananchi wachukue tahadhari" ni maneno mazuri, lakini mtu anayelala kando ya korongo anataka kujua jina la korongo, saa ya kuondoka, na pa kulala usiku huo. Vituo vyetu hutangaza kwa Kiswahili au Kiingereza, na bado yupo bibi wa Kinyaturu ambaye Kiswahili cha taarifa ya habari humpita juu ya kichwa. Televisheni nayo inataka umeme na king'amuzi. Bibi huyo hutegemea mjukuu amweleze, na mjukuu siku hizi yuko Dodoma au Arusha akitafuta kazi.

Mjumbe wa nyumba kumi anamfahamu bibi huyo, mlango wake na lugha yake. Tangazo lijalo lianze kwa kumfikia yeye, hata kama ni saa nane ya usiku.