Kushinda kwa Wachache: Ngome ya Mombasa, 1696–1698

Kitenzi kushinda kimebeba maana mbili ambazo sisi wenye lugha huzitamka kila siku bila kuzikutanisha. Ya kwanza ni kumpiku adui au mpinzani. Ya pili ni kukaa mahali mchana kutwa: mtu husema, "Leo nimeshinda shambani," wala hadai kwamba ameliangusha shamba. Maana hizi mbili nilizikuta zimeketi pamoja katika mchezo wa vita wa mezani, nikaona kwamba kwa watu wachache waliozingirwa ndani ya ngome, hizo ni maana moja.

Mchezo wenyewe tumeuchora mimi na mwenzangu juu ya kadibodi. Uwanja wake ni kisiwa cha Mombasa, kimegawanywa kwa visanduku vya pembe sita. Askari ni vipande vidogo vilivyoandikwa nambari za nguvu, na dadu huamua matokeo ya kila shambulio. Tukio tulilolichagua ni kuzingirwa kwa Ngome ya Yesu, kulikoanza tarehe 13 Machi 1696 na kumalizika tarehe 13 Desemba 1698. Hiyo ni miezi 33 kamili, na kwa hiyo mchezo una zamu 33. Mwenzangu huchukua jeshi la Imamu Seif bin Sultan wa Oman. Mimi hukaa ndani ya ngome.

Hesabu yangu ni ndogo tangu mwanzo. Jeshi lililotoka Oman hukadiriwa kuwa watu 3,000. Ndani ya ngome mlikuwa na Wareno kati ya 50 na 70, pamoja na mamia ya watu wa pwani waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tegemeo langu ni ukuta. Ngome hiyo ilijengwa kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, kwenye mlango wa bandari, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati. Pembe zake nne zimechomoza nje, ili anayeukaribia upande mmoja wa ukuta apigwe kutoka upande mwingine.

Mchezaji mgeni akipewa upande huu hutaka kutoka nje akapigane. Kwa zamu tatu nne hufurahi, kisha hutambua kwamba kila kipande anachokipoteza hakina badala yake, ilhali waliomzunguka huletewa wengine kwa bahari. Kazi ya mlinzi mchache ni kugawa chakula, kuziba penye upenyo na kuuacha mwezi upite. Lugha yetu ilikwisha kulijua jambo hili zamani. Kungoja ni kusubiri, na kungoja pia ni kulinda, ndiyo maana bawabu akaitwa mngoja mlango. Hafukuzi mtu barabarani. Yupo pale pale, na kuwapo kwake ndiyo kazi yake.

Dadu ninayoiogopa si ya shambulio. Ni ya maradhi, nayo hutupwa kila mwezi. Mwishoni mwa 1696 msaada ulifika kutoka Goa, askari wapya wakaingia ngomeni, na maradhi yakawapokea. Kufikia mwisho wa Agosti 1697 hakubaki Mreno wa kutoa amri. Amri ikashikwa na Bwana Daudi wa Faza, mwana wa watawala wa mji ule wa kisiwani Pate. Alikuwa na jamaa zake 17, wanaume wa Kiafrika 8, na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Hao ndio walioushika ukuta mpaka meli ya Kireno ilipowasili mwezi wa Septemba.

Hapa mchezo hukwama, na mkwamo wake ndio ulionisukuma kuandika makala haya. Michezo ya aina hii hutaka rangi mbili: sisi vipande vyekundu, wao vya kijani. Bwana Daudi ni rangi gani? Ni Mswahili na Mwislamu, naye anailinda ngome yenye kanisa ndani yake, dhidi ya Waislamu ambao watu wa Mombasa waliwaomba waje kuwaondoa Wareno. Mji wake wa Faza ulikuwa na uhasama wa muda mrefu na Pate, na Pate ilielemea upande wa Oman. Ukiisimulia vita hii kuwa ni ya Wareno na Waarabu basi, mtu huyu hana pa kusimama, ingawa kwa majuma yale alisimama yeye na wale wawili hawakuwa naye.

Wanawake nao walituletea mjadala. Mwenzangu alishikilia kanuni iliyozoeleka: asiyekuwa askari huhesabiwa kwenye chakula, wala hapewi nambari ya nguvu. Nilimjibu kwa hesabu yake mwenyewe. Waondoe wanawake ukutani mwezi wa Agosti 1697, na walinzi watakaobaki hawafiki 30 kwa ngome nzima yenye pembe nne. Ngome hiyo haifiki Septemba. Akanyamaza, akachukua mkasi. Tukawakatia vipande vyao, wao na Bwana Daudi, kwa rangi ya tatu: kahawia.

Nasi watunzi tuna desturi inayofanana na kanuni ile. Tukitunga juu ya vita huanza na majina ya wakuu, idadi ya panga na sifa za farasi. Aliyepika, aliyechota maji, na aliyeshika bunduki baada ya wenye bunduki kufa, hutajwa katika beti moja, tena kwa huruma, kama kwamba aliokolewa. Hawa 50 ndio waliookoa.

Msaada zaidi ulikuja, ukapungua tena. Kufikia Desemba 1698 waliobaki ndani hawakufikia 20. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Waomani waliupanda ukuta, na ngome ikachukuliwa. Siku chache tu baadaye merikebu za msaada zilitokea, zikaikuta bendera ya Oman juu ya ngome, zikageuka.

Kwa sababu hiyo, katika mchezo wetu hatuulizi ngome iko mikononi mwa nani mwishoni. Kila mwezi unaopita na ukuta ukiwa umeshikwa humpa mlinzi alama moja. Akifika mwezi wa 34, atawaona wenzake wakiingia bandarini. Mara nyingi sifiki. Lakini nimejifunza kulitumia neno langu kwa uangalifu zaidi. Kushinda ni kwa mchana, na usiku una kitenzi chake, kukesha. Watu wa ngomeni walishinda na njaa, walishinda na maradhi, walishinda miezi 33, wakashindwa usiku mmoja. Mtunzi atakayewaandikia utenzi na azihesabu beti zake kwa miezi hiyo, na zile za mwaka 1697 aanze nazo kwa wanawake wa ukutani.